Pesa za halmashauri Mwanza: maswali yanayoulizwa kila siku na majibu yake

Ndugu zangu wa Jiji, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe, haya maswali yanarudi kila mwaka yaleyale, na yanarudi zaidi masika ikichanganya na barabara zikaanza kukatika. Kinachoniuma ni kwamba mwezi wa nne ndo watu wanapiga kelele kweli, wakati bajeti ya mwaka unaofuata ilishapita kwenye baraza toka mwezi wa kwanza au wa pili, af wengine wanapiga kelele kwenye ofisi ambayo hata ile kazi sio yake. Kwahiyo nimejaribu kuyajibu kwa kirefu, nani anahusika na nini na ni lini mwananchi anatakiwa awe amefika.

Hivi mimi halmashauri yangu ni ipi hasa?

Anza hapa manake ukikosea hapa unakosea kote. Mkoa wa Mwanza una wilaya 7 ila halmashauri ziko 8, kwasababu wilaya ya Sengerema ina halmashauri mbili, Sengerema yenyewe na Buchosa. Wilaya ya Nyamagana ndo Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Wilaya ya Ilemela ni Manispaa na ofisi zake ziko Buswelu, hawa walitenganishwa na Jiji mwaka 2012.

Sasa hapo ndo watu wengi wanachanganya. Mtu anaishi Kirumba, Kitangiri au Pasiansi, kila siku anasema mimi ni wa Mwanza mjini, na ni kweli kwa mazoea, lakini diwani wake, mkurugenzi wake na bajeti yake viko Ilemela. Ukipeleka barua ya mtaro wa Kirumba ofisi za Jiji watakuambia tu sio kwetu, na wako sahihi.

Nani anaamua pesa iende wapi, diwani, mkurugenzi au mkuu wa wilaya?

Wanaopitisha bajeti ni Baraza la Madiwani. Humo kuna madiwani wa kata mliowapigia kura, madiwani wa viti maalum na mbunge wa jimbo. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, yeye ndo katibu wa baraza na ndo mtendaji mkuu, yani wataalamu wake ndo wanaandaa yale makabrasha na wakishapitishiwa wao ndo wanatekeleza. Mkuu wa wilaya anawakilisha serikali kuu, anasimamia na anafuatilia, ana sauti kubwa sana lakini hapigi kura kwenye baraza.

Kabla ya baraza zima kukaa, mambo yanapita kwenye kamati za kudumu, na ile ya fedha ndo nzito kuliko zote kwasababu mapendekezo ya bajeti lazima yapite pale. Kama unataka jambo lako lisikike vizuri usisubiri siku ya baraza zima, siku hiyo mengi yanakuwa yameshaiva. Muone diwani wako mapema, muulize yuko kamati gani na anayetoka upande wenu kwenye kamati ya fedha ni nani.

Bajeti inapangwa lini, yani mimi niende lini?

Hili ndo swali lenyewe, naomba usilipite haraka.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai unaisha 30 Juni. Kuelekea mwisho wa mwaka wa kawaida, kama mwezi wa 11 au 12 hivi, serikali inatoa mwongozo wa bajeti, na halmashauri zinaanza kukusanya vipaumbele kutoka chini. Chini maana yake mtaa kwa watu wa mjini, na kitongoji na kijiji kwa watu wa wilayani. Kuna utaratibu kabisa unaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, pale wananchi wanakaa wanasema tuna nini, tunakwama wapi, tunaanza na lipi. Vikitoka mtaani vinaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, wengi wanaiita WDC, mwenyekiti wake ni diwani na wajumbe ni wenyeviti wa mitaa au vijiji vya kata hiyo. Kutoka hapo inaenda halmashauri, wataalamu wanachambua, kamati zinakaa, baraza linapitisha, mara nyingi Januari au Februari. Kisha inapita ngazi ya mkoa, inaenda TAMISEMI, yani wizara inayosimamia serikali za mitaa, na Hazina, halafu Bunge linakaa Dodoma kuanzia mwezi wa nne mpaka wa sita.

Sasa angalia hiyo kalenda af jiulize mwenyekiti wa mtaa wako alipoitisha mkutano mwezi wa 11 mlikuwa wangapi. Mikutano mingi ya mitaa Mwanza inafanyika watu wachache kabisa, wazee na akina mama, vijana hawapo, wapangaji wanaona hayawahusu. Wapangaji yanawahusu! Ukiwa na miaka 18 na unaishi hapo wewe ni mkazi, una haki ya kuongea. Mtaro ukijaa maji hayachagui nyumba ya mwenye mji na chumba cha mpangaji.

Na usiende na ombi la jumla jumla. Ukisema "tunaomba barabara" linaandikwa barabara na linapotea humo humo. Sema kalavati la pale kwenye kona ya kuteremkia shule limevunjika, watoto wanavuka kwenye maji, tunaomba kalavati na mtaro kutoka hapa mpaka pale. Hakikisha limeingia kwenye muhtasari, omba usomewe kabla watu hawajatawanyika.

Tulisema tunataka darasa, likaandikwa, mbona kwenye bajeti halipo?

Kwasababu ya kitu kinaitwa ukomo wa bajeti. Kila halmashauri inapewa kiwango ambacho haiwezi kuvuka, na kata zote zinagombania humo humo. Kila kata ikileta vipaumbele vitano hesabu haiwezi kutosha hata siku moja.

Ila haki yako ni kuambiwa. Kamati ya kata ilikaa, ikapanga la kwanza na la pili, kuna muhtasari. Muulize mtendaji wa kata darasa letu liliwekwa namba ngapi na lilitolewa ngazi ipi. Mimi naamini kurudisha majibu kwa wananchi ndo sehemu dhaifu kuliko zote kwenye huu utaratibu, watu wanaombwa maoni kila mwaka halafu hawaambiwi yaliishia wapi, na mwaka wa tatu hawaji tena, na siwalaumu.

Bajeti imepita kabisa, mbona mradi hauanzi?

Kupita kwa bajeti ni ruhusa ya kutumia, pesa yenyewe ni habari nyingine. Halmashauri ina pesa za aina mbili kubwa. Kuna mapato ya ndani, yani ushuru wa masoko, stendi, mialo, leseni za biashara, ushuru wa huduma, ushuru wa mazao kama pamba kule Kwimba, Magu na Misungwi, vibali vya ujenzi na kadhalika. Hizi wanakusanya wenyewe na zisipokusanywa kama walivyokadiria mradi unakwama. Halafu kuna ruzuku ya serikali kuu, hii ndo kubwa, inalipa mpaka mishahara ya walimu na manesi, na hii inashuka kwa vipande, inaweza kuchelewa na inaweza kuja pungufu. Ndo pale unaambiwa "fedha bado haijashuka".

Kwahiyo swali zuri la kumuuliza mtendaji ni hili: huu mradi ni wa mapato ya ndani au wa serikali kuu? Kama ni wa mapato ya ndani mbane diwani wako, hapo ana nguvu moja kwa moja. Kama ni wa serikali kuu, mbunge ndo anatakiwa aseme Dodoma.

Barabara ya mtaani kwetu imekufa, ni kazi ya halmashauri?

Zamani ndio. Toka Julai 2017 barabara za wilaya zilihamia TARURA, yani wakala wa barabara za vijijini na mijini. Zile za mkusanyo, za mlisho na za jamii ndo zao, yani karibu zote unazopita ukitoka nyumbani mpaka ufike lami kubwa. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa serikali kuu. Kwa hapa mjini ile inayotoka katikati kupita Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Buhongwa kwenda Usagara ni ya TANROADS, na ile ya Mabatini, Nyakato, Igoma kwenda Kisesa na Magu nayo ni yao.

Pesa ya TARURA kwa sehemu kubwa haitoki kwenye ushuru wa soko lenu. Inatoka kwenye Mfuko wa Barabara, ambao unatokana na tozo ya mafuta, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya hizi barabara za chini. Kwahiyo wewe wa bodaboda unachangia kila ukijaza tenki, unayo sababu kabisa ya kuuliza. Kuna na miradi mikubwa ya miji, zamani ilikuwa ule mradi wa miji ya kimkakati uliotuletea lami na mitaro sehemu nyingi za Mwanza na Ilemela, sasa hivi kuna TACTIC wenye miji 45 nchi nzima, huo ni mkopo wa Benki ya Dunia na TARURA ndo wanausimamia.

Je diwani hana kazi tena kwenye barabara? Anayo. Meneja wa TARURA wa wilaya anatakiwa aje na mpango wake uonekane na madiwani, na vipaumbele vya kata vinatakiwa viingie mle. Kwahiyo barua yako iandike kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa diwani na mtendaji wa kata, weka na picha zilizopigwa mvua ikiwa inanyesha. Picha ya kiangazi haionyeshi chochote.

Na kwetu milimani, Igogo, Mabatini, Isamilo, Bugarika huko, wala barabara ya gari sio shida ya kwanza. Shida ni ngazi, mitaro na mawe, maji yanashuka kwa kasi mpaka Mto Mirongo yanaenda ziwani na takataka zote. Mkiandika vipaumbele vyenu andikeni ngazi na mitaro, msiige maombi ya watu wa tambarare.

Maji yasipotoka nimfuate nani?

Mjini ni MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, vijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, ambayo ilianza 2019. Halmashauri haiuzi maji. Inauma kukaa unaliona ziwa lote lile na bomba ni kavu, ila sababu kubwa ilikuwa uwezo wa kuchuja na kusukuma maji kupanda milimani, kwa miaka mingi mji wote ulitegemea chanzo cha Capripoint huku mji unakua kuelekea Buhongwa, Igoma na Kisesa. Ndo maana ukajengwa mtambo wa Butimba wa lita milioni 48 kwa siku. Mtambo peke yake hautoshi kama matenki na mabomba ya kusambaza hayajafika mtaani kwenu, kwahiyo ukiuliza uliza hivyo: bomba la kusambaza la upande wetu liko kwenye mpango wa mwaka gani.

Hospitali je?

Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya ni za halmashauri. Sekou Toure ni ya rufaa ya mkoa, iko chini ya Wizara ya Afya. Bugando ni ya kanda, ni ya Kanisa Katoliki kwa ubia na serikali. Dawa zikikosekana zahanati ya kata yenu mtu wa kwanza ni kamati ya usimamizi ya kituo, humo kuna wajumbe wa kutoka kwa wananchi, wajueni kwa majina.

Daraja la Kigongo–Busisi, meli na reli vimekula pesa za halmashauri zetu?

Hapana. Daraja lile la JPM, la kilomita 3 na zaidi, lililozinduliwa Juni 19, 2025, ni mradi wa serikali kuu kupitia TANROADS, umegharimu zaidi ya bilioni 700, hakuna halmashauri yetu yenye ubavu huo. Reli ya kisasa Mwanza–Isaka ni ya TRC, shirika la reli la serikali. Vivuko vya visiwani viko kwa TEMESA, wakala wa serikali kuu unaoendesha vivuko, watu wa Ukerewe na Ukara mkiwa na hoja ya kivuko hiyo ni serikali kuu, ingawa diwani na mbunge wanatakiwa waipaze, na baada ya ajali ya MV Nyerere ya Septemba 20, 2018 mimi naona hakuna hoja ya usalama majini inayotakiwa kuitwa ndogo.

Halmashauri inaguswa pembeni: nani anapanga viwanja kuzunguka daraja, mama lishe na wauza samaki waliokuwa wanategemea foleni ya kivuko wanaenda wapi. Hayo ni ya baraza na yanatakiwa yawe na fungu.

Ushuru ninaolipa sokoni na mwaloni unaenda wapi?

Unaenda kwenye mapato ya ndani ya halmashauri husika. Wa Mwaloni Kirumba ni Ilemela. Ndo hiyo pesa inayotengewa asilimia fulani kwenda kwenye miradi, kwahiyo ukivuja mlangoni darasa linapungua.

Sheria ni rahisi, ukilipa unapata risiti ya mashine, ile ya posi, au unalipa kwa kontroo namba. Karatasi iliyoandikwa kwa peni usiikubali, hata kama anayekusanya ni mtu mnayejuana, hata kama anakupunguzia. Hasa kama anakupunguzia. Mia tano mia tano za dagaa na sangara kwa siku nzima kwenye mwalo mmoja ni pesa ya maana sana.

Na halmashauri haiwezi kuamka tu ikapandisha ushuru. Viwango vinawekwa kwa sheria ndogo, wananchi wanatakiwa watangaziwe watoe maoni au mapingamizi, baraza lipitishe, halafu Waziri mwenye dhamana aidhinishe. Ukiambiwa kiwango kipya omba uoneshwe sheria ndogo yenyewe.

Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU nayo ni ya halmashauri?

Ilipoanza kukatwa kwenye umeme mwaka 2021 ilikuwa chini ya TRA, yani serikali kuu; ilivyo sasa waulize watu wa mapato wa halmashauri. Nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi toka 2023. Mpangaji kama LUKU unanunua wewe, ile kodi ni ya mwenye nyumba, kubalianeni ipungue kwenye pango.

Mikopo ya asilimia 10 ipo kweli?

Ipo, iko kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Mwaka 2023 serikali iliisimamisha baada ya kuonekana pesa nyingi hazirudi na kuna vikundi hewa, 2024 ikarudishwa na utaratibu mpya wenye uhakiki mkali zaidi. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, yeye ndo anakuelekeza kusajili kikundi na kuomba. Hakuna kumlipa mtu pembeni ili jina lipite, ukiombwa hela hiyo ni rushwa.

Naomba niseme na hili kwa uchungu: pesa isiyorudi ni ya kikundi kinachofuata. Kikundi cha akina mama wakaanga dagaa kikirejesha vizuri kinamfungulia mwingine mlango.

Nimeambiwa nichangie dawati na mlinzi wa shule, ni lazima?

Elimumsingi ni bila malipo toka Januari 2016 na 2022 ikaongezwa mpaka kidato cha sita. Kuchangia kwa hiari kupo na ni kuzuri, ila mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwasababu mzazi hajachangia hairuhusiwi. Mchango ukipitishwa kwenye mkutano wa wazazi uwe na muhtasari, risiti na taarifa ya matumizi.

Jengo la mtaani kwetu linajengwa ovyo, nani anasimamia?

Majengo mengi ya shule na zahanati yanajengwa kwa fosi akaunti, yani mkandarasi mkubwa hakuna, wanatumika mafundi wa hapahapa na kamati za wananchi: ya manunuzi, ya mapokezi ya vifaa na ya ujenzi. Wajumbe ni majirani zako. Waulize saruji ilipokelewa mifuko mingapi, nondo za milimita ngapi, na linganisha na kinachotakiwa, mhandisi wa halmashauri ana mchoro na makadirio. Ukiona tofali zinapukutika semeni wakati ukuta uko kwenye msingi. Ukisubiri mpaka bati mnakuwa mmechelewa. Ukiwa na fundi anayeaminika mtaani mpendekezeni aingie kwenye kamati, msichague mtu kwasababu anaongea vizuri.

Nataka kujenga karibu na ziwa, halmashauri inanikatalia, ni haki?

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa. Na ziwa lenyewe mmeliona lilivyopanda 2020 na 2024, lilimeza fukwe, mialo na nyumba za watu. Usinunue kiwanja cha ufukweni kwa maneno ya dalali, pita kwanza ofisi ya ardhi ya halmashauri.

Naweza kuingia kwenye kikao cha baraza nikasikiliza?

Unaweza. Vikao vya kawaida vya baraza viko wazi, vinakaa kila robo mwaka. Unakaa upande wa wasikilizaji, huongei, ila unasikia diwani wako anasema nini au hasemi. Kamati ndo zimefungwa. Nendeni wawili watatu wa mtaa mmoja, mmoja aandike.

Ripoti ya CAG inanisaidia nini mimi wa Buhongwa?

Kila mwaka CAG, yani Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, anakagua kila halmashauri, ripoti Rais anakabidhiwa mwisho wa mwezi wa tatu, mwezi wa nne inafika Bungeni na inawekwa wazi. Iko ya serikali za mitaa peke yake, tafuta jina la halmashauri yako humo ndani. Watu wanaishia kuangalia kama wamepata hati inayoridhisha, lakini hati hiyo inasema tu vitabu vya hesabu vimeandikwa sawasawa, jengo linaweza kuwa halijaisha na hati ikaridhisha. Angalia hoja: mapato yaliyokusanywa lakini hayakupelekwa benki, miradi viporo, mikopo ambayo haijarejeshwa. Chukua hoja moja tu ya halmashauri yako mpelekee diwani umuulize imejibiwaje.

Nimeomba taarifa ya mradi nikazungushwa, nifanyeje?

Kwanza andika. Ya mdomo inasahaulika. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ofisi ya umma inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Andika barua kwa mkurugenzi, taja jina la mradi, kata, mwaka wa fedha, na unachotaka, mfano kiasi kilichotengwa, kilichopokelewa na kilichotumika. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi urudi nayo nyumbani. Zikipita siku bila jibu ile nakala ndo unaenda nayo kwa diwani, kwa mkuu wa wilaya, au kwa mbunge. Kama kuna harufu ya rushwa, TAKUKURU namba yao ni 113, ni bure, na huhitaji kusema wewe ni nani.